Wiki Tatu za Taufiq Kipungani

Taufiq alikubali masharti yangu kabla sijamaliza kuyataja, na ilinipasa nishtuke papo hapo. Mtu asiyebisha bei ama hajui biashara, ama anajua jambo ambalo wewe hulijui. Siku ile nilimweka kwenye fungu la kwanza.

Alikuja uani kwangu asubuhi ya pili tangu ateremke boti. Begani alikuwa na mfuko wa turubai, na ndani yake fimbo ya kuvulia iliyokatwa vipande vya kuunganisha. Nilimjua kwa pua tu: pua ya mamake, Bi Nana, jirani yangu nyumba ya tatu. Yeye hakunikumbuka. Alipoondoka Kipungani nilikuwa nikitembeza mahamri kwa sinia. Sasa nina makasha mawili ya barafu, na samaki wengi wa kijiji hiki hupitia kwangu kwenda mjini.

"Bi Sundus, nimeona una kayaki mbili pale nyuma, umefugia kuku."

"Kuku hawakai bure, wanataga. Wewe utanipa nini?"

Kayaki zile ni za plastiki, za kukaa mtu mmoja mmoja. Nilizipata hoteli moja ndogo ilipofunga, nikawapa mikeka saba. Watalii siku hizo walikuwa wa kuhesabika, kwa hiyo nilimpa Taufiq mpango ambao nilijiona nimemkaba nao: kodi sitaki, achukue kayaki moja wiki zote tatu za likizo yake, lakini kila samaki atakayemvua ni wangu, isipokuwa mmoja kwa siku, wa chungu cha mamake.

"Haya," akasema, akanipa mkono.

Ana miaka arobaini na tisa. Alitoka hapa na ishirini, akamfuata mjomba aliyekuwa mpishi bara, akaishia kwenye klabu moja ya wavuvi wa fimbo huko milimani, penye mto wa baridi na bwawa. Kazi yake ni kutembeza wageni ukingoni, kuwafungia ndoana, kuwapeleka bwawani kwa kayaki, kuwaonyesha trauti, samaki wa mto ule, kajificha nyuma ya jiwe lipi. Miaka ishirini na tisa ya kusimama ndani ya maji yale imemmaliza magoti. Akitaka kuinuka hushika ukuta kwanza, kama mzee wa miaka themanini. Hiyo ndiyo likizo ya kwanza aliyoichukua nzima bila kuikatakata.

"Wanataka niweke saini miaka mitatu mingine," aliniambia akiisukuma kayaki majini. "Nimechoka, Bi Sundus. Nikiona bahari hii inaweza kunilisha, siweki. Nabaki kwa mama."

Bi Nana hakungoja bahari iseme. Siku hiyo hiyo alianza kusuka mkeka wa chumba cha mwanawe, na kila aliyepita akaambiwa Taufiq karudi. Si "kaja". "Karudi."

Jioni ya kwanza Taufiq alirudi mikono mitupu. Nikasema bado hajazoea. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nilimngoja ufuoni, barafu yangu ikilia ndani ya kasha.

"Samaki hawapo?"

"Wapo tele. Leo nimepata kumi na mmoja. Kolekole watano, wa kilo mbilimbili."

"Wako wapi?"

"Nimewarudisha."

"Umewarudisha wapi?"

Akageuka akaitazama bahari, kana kwamba nimemwuliza jambo la wazi sana.

Gharib, anayevua kwa mshipi na mashua yake ndogo, alikuwa pembeni akikunja tanga. Akacheka mpaka akaketi. "Bi Sundus, huyu mtu wako nimemwona kwa macho yangu. Anamvuta samaki, anamshika taratibu, anamng'oa ndoana, anamsukuma aende. Kidogo amwombe radhi."

"Nawe Gharib, unavua au unanichunga?" Taufiq akamjibu.

"Nakuchunga, ndugu yangu. Usije ukajirudisha na wewe!"

Nilimwekea Taufiq kiti, nikataka maelezo. Akanionyesha ndoana zake. Kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke, zote alikuwa amekisaga kwa tupa. Huko kwao ndiyo sheria: unamvua, unampima, unamrudisha. Nikamwambia hapa si huko.

"Najua," akasema. "Lakini mkono umezoea. Kule kila mwaka vifaranga wanaletwa na lori, na mimi ndiye ninayewamimina mtoni kwa ndoo. Nawajua tangu wakiwa kama kidole. Mgeni akimrudisha mmoja salama, nalala vizuri."

"Hawa hukuwamimina wewe. Kawamimina Mungu, na kawamimina wapate kuliwa."

"Ni kweli," akasema. Kesho yake akarudi mikono mitupu.

Hata yule mmoja wa chungu hakuletwa. Bi Nana alikuwa akinunua samaki kwa Gharib, mwanawe akiwa baharini. "Nimezaa mvuvi," aliniambia akichana ukindu, "na juzi nimekula maharagwe." Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Na Taufiq alimwongezea lingine: alisoma mahali kwamba chumvi hula vyuma, basi kila jioni akawa anasuuza kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo yake kwa maji ya mvua ya mamake, yale ya kunywa. Bi Nana alimwona siku ya nne akamnyang'anya kata. Toka hapo hakikusuuzwa. Kufikia wiki ya pili kilikuwa kikizunguka kwa kelele kama mlango wa zizi.

Mimi ninanunua barafu. Inatoka mjini kwa boti, na ikiyeyuka haina wa kumdai. Nilivumilia siku kumi na tano. Ya kumi na sita nilimwendea nyumbani kwa mamake, nikasema mbele ya Bi Nana ili kusiwe na maneno mawili: kesho samaki awe kwenye barafu yangu, la sivyo kayaki irudi kwa kuku. Taufiq akasema sawa. Bi Nana hakuinua macho. Mkeka ulikuwa umebakiza kili mbili tu, zile tepe za ukindu uliosukwa, za kushonea.

Kesho yake ilikuwa bamvua, na bamvua hapa maji yakitoka yanatoka kweli. Taufiq alitoka baada ya swala ya alfajiri, akaingia kijito kimoja cha ndani ya mikoko. Saa nne Gharib akaja mbio uani kwangu, hata kucheka kumemshinda.

"Bi Sundus, kayaki yako imepwelewa. Na mwenyewe yuko juu yake."

"Taufiq? Mtoto wa hapa kupwelewa?"

"Miaka ishirini na tisa kwenye bwawa, bibi. Bwawa lina kupwa?"

Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu kayaki ni yangu. Nikapita nyuma ya mikoko mpaka mahali ambapo tope lilinizuia. Taufiq alikuwa kama hatua arobaini mbele, katikati ya tope la kufika mapajani, ameketi juani na kofia ya sufu ya milimani kichwani. Miguuni pake alikuwa na samaki chewa mkubwa, ndani ya maji aliyoyajaza kwenye bonde la kayaki. Kwa kopo alikuwa akichota maji ya dimbwi lililobaki ubavuni na kummwagia.

Ilivyokuwa, alinieleza kwa kupaza sauti. Chewa alimeza ndoana mpaka kooni. Akakata uzi, akamshika mdomo akauelekeza kwenye mkondo ili apate pumzi, kama anavyowafanyia trauti waliochoka. Alikaa naye hivyo karibu saa nzima. Alipoinua kichwa, kijito hakipo.

"Ana kilo ngapi?"

"Tisa. Labda kumi."

"Sikiliza. Muue sasa hivi, umfunike na majani ya mkoko. Namtuma Gharib kuleta barafu. Utamkokota kwa kamba mpaka hapa."

Akachota kopo jingine la maji.

"Taufiq, huyu mmoja tu. Ukinipa huyu, wale wengine wote nimesamehe. Na kayaki unabaki nayo mpaka siku ya kuondoka."

"Bado anapumua," akasema. "Maji yatarudi saa nane. Anaweza kufika."

"Maji hayo ya kwenye kayaki yatachemka kabla ya saa sita!"

"Anaweza kufika, Bi Sundus."

Nilimwangalia akichota na kumwaga, kuchota na kumwaga. Uso umemwiva, midomo imepasuka. Likizo hiyo. Nikarudi zangu nyumbani.

Chewa alikufa saa sita na kitu. Maji yalirudi saa nane kama alivyosema. Alasiri Taufiq aliingia uani akimbeba kifuani, akamlaza juu ya meza yangu ya saruji.

"Huyu ni wako."

Nilimbonyeza tumboni kwa kidole gumba, alama ikabaki. Macho meupe, mashavu ya ndani yamegeuka rangi ya kahawia. Nikimpeleka mjini, kesho hakuna atakayenunua kwangu.

"Samaki wa jua simchukui," nikasema. "Asubuhi alikuwa na bei."

Taufiq akashika ukuta, akaketi chini. Hapo ndipo Bi Nana alipoingia. Nadhani Gharib alikuwa ameshamwambia yote. Hakumwuliza mwanawe kitu. Alimgeuza chewa, akamkata tumbo lote akalitupia paka, akanusa mgongo.

"Mgongo u mzima. Sundus, nipa kisu kikali na chumvi."

Akampasua mpaka mkiani, akamtia chumvi kila mahali kwa kiganja, akamkandamiza kwa jiwe. Ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Alipokuwa akinawa ndipo akamwuliza Taufiq habari za nchi yake ya milimani, bila kumtazama:

"Nti hiyo urudiyo, hiki kitu kitakaa siku ngapi bila kuoza?"

Taufiq alikuwa bado hajamwambia mtu kwamba anarudi.

"Kule baridi, mama. Kitakaa hata miezi miwili."

"Basi nusu ni yako."

Aliondoka siku nne baadaye, na kule akaweka saini ya miaka mitatu. Mshahara wake umeongezwa kidogo, magoti ni yale yale. Kigurudumu cha mshipi, kilichokwama kabisa, aliniachia eti fidia ya barafu. Nimekipeleka kwa mafundi wawili, wote wamenirudishia.

Bi Nana alimaliza zile kili mbili, akaniletea mkeka ninunue. Nilimtajia bei. Hakubisha, kama mwanawe tu, nami sikumwongezea. Niliuuza kijiji cha Shela kwa mara mbili ya bei ile, kwenye nyumba ya wageni. Ni mkeka mzuri, umesukwa kwa mkono usio na haraka. Bado tunasalimiana kila asubuhi, ila tangu hapo mikeka yake anampelekea mtu mwingine.

Siku hizi akija mtu na fimbo kutaka kukodi, namwuliza kwanza: unakula au unarudisha? Anayerudisha namtoza kodi kamili, kabla hajagusa maji.