Dawa ya Kivuva Juu ya Mafiga

Mume wangu Kivuva ni mtu mzuri, nataka hilo lijulikane kabla sijaanza kumsema. Lakini jikoni kwangu ndiko alikofanya chumba chake cha giza cha kuoshea picha, na mwanamke yeyote aliyewahi kuzimiwa moto maharagwe yakiwa bado mabichi atanielewa.

Alizaliwa Ikutha, akachunga mbuzi, akachoshwa na mbuzi, akaenda Nairobi kufagia duka la Mhindi mmoja mpiga picha. Alirudi na kamera ya miguu mitatu, sanduku la chupa na maringo mengi. Tukakaa Kibwezi karibu na stesheni, kwa sababu gari la moshi huleta watu, na watu ndio wenye nyuso.

Shida ilikuwa wateja. Mtu wa huku, miaka hiyo ya thelathini, akipigwa picha hakubali kwenda nyumbani. "Uso wangu umo ndani ya sanduku la Kivuva, niuache hapo nikalale wapi?" Wanakaa uani, wanamaliza maji yangu, wanangoja. Tena kila mmoja anataka kulinganisha picha na uso wenyewe kabla ya kuondoka, kwa sababu jirani yetu Mulei alipewa picha ya mzee mwingine akaitundika mwaka mzima akijisifu jinsi anavyozeeka vizuri.

Na Kivuva alivyo bahili! Ile dawa inayotoa picha kwenye filamu aliitia maji mpaka ikawa nyepesi kama chai ya msibani, na dawa nyepesi hufanya kazi polepole. Juu ya hayo alikuwa anaipooza. Wapi? Ndani ya mtungi wangu wa maji ya kunywa! Alisema jua la Kibwezi likiingia kwenye dawa, filamu inalainika na picha inabanduka kama ngozi ya maziwa.

"Baba Ndinda," nikamwambia, "siku moja utatuua sote na hiyo sumu."

"Siku hiyo niite mapema," akanijibu.

Basi siku moja, jua likiwa limeshapita utosini, akaja Ambiyo, mama wa Kisomali mwenye duka la nguo ng'ambo ya reli. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa pekee, Shire, kijana mzima mwenye uso wa duara kama chapati. Shire alikuwa anaondoka kwa gari la siku hiyohiyo kwenda Mombasa, na kutoka huko kwenda kutia makaa melini. Atarudi lini? Mungu ndiye ajuaye.

"Kivuva, niachie kitu cha kumtazama," Ambiyo alisema. "Na nikione kabla hajapanda. Mimi si Mulei."

Filamu iliyobaki ilikuwa moja tu. Kivuva akapiga, wale wawili wakaenda kufunga mizigo, naye akabaki anajikuna kichwa. Kwa dawa yake ile ya msibani, gari lingefika Mombasa kabla picha haijatoka.

"Nitaiacha kali," akasema. "Maji kidogo tu. Tena nitaipasha joto. Nairobi, baridi ya Julai, Mhindi wangu alikuwa anaiweka karibu na jiko."

"Hapa ni Nairobi?" nikamuuliza. "Hii ni Julai?"

"Mumbua, haraka haina baraka, najua. Lakini gari la moshi halijui methali."

Akamwaga maji kwenye moto wangu, puuu, moshi juu! Akatundika blanketi mlangoni, akajifungia.

"Hilo karai la dawa umeliweka wapi?" nikauliza nikiwa nje.

"Juu ya mafiga. Moto nimezima!"

"Na mafiga umeyazima?"

Kivuva hupima joto la dawa kwa kiwiko, kama mama anayetaka kuogesha mtoto. Mara nikasikia, "Aiyaa!" Kiwiko kimeungua. Mtu mwenye akili angemwaga. Yeye alikuwa ameshatumbukiza filamu, na sasa anapiga kelele za furaha, "Imetoka! Mumbua, imetoka upesi hiyo!"

Akaipitisha kwenye dawa ya pili, akaiosha, akaileta nje akaitundika kwenye kamba. Hapo ndipo tulipouona uso wa Shire ukiteremka. Naapa. Paji la uso lilibaki juu, lakini mashavu yalishuka polepole kama uji ukingoni mwa sufuria, na kidevu kikafuata. Kivuva akailaza, akaipuliza, akaiomba. Ilipokauka alibana karatasi ya picha juu yake, akaianika juani mpaka picha ikatoka, kwa sababu afanye nini tena?

Gari likalia mbali. Ambiyo huyo mlangoni, na Shire na sanduku lake. Kivuva akaficha karatasi mgongoni. Ambiyo akamzunguka, akainyakua. Nami nikausogeza mbali naye mchi wa kinu, nisije nikawa mjane.

Ambiyo hakupiga kelele. Aliketi palepale chini, mavumbini, na mtandio wake mzuri.

"Ahmednur," akasema. Ndilo jina la marehemu mumewe, aliyefia Tseikuru akifuata ng'ombe. "Subhanallah. Ahmednur, umetoka wapi?"

Shire akachuchumaa kando yake. Baba alipokufa yeye alikuwa bado ananyonya. "Hooyo," akamwita mama yake kwa lugha yao, "baba alikuwa hivi?"

"Hivi hivi. Na huo mdomo wa kununa."

"Mama, nirudishie hiyo," Kivuva akasema kwa aibu. "Nimeiharibu."

"Thubutu!" akafoka Ambiyo.

Shire hakuwa ameondoa macho. "Nitolee na mimi moja," akamwambia Kivuva. "Tafadhali."

Kivuva akarudi juani na karatasi nyingine, kisha akaiosha, nasi tukamsindikiza Shire stesheni. Gari lilikuwa limeshaanza kusogea aliponipita mbio, kiwiko chekundu, karatasi ikiwa bado majimaji mikononi, akairusha dirishani na Shire akaidaka. Ambiyo alikuwa kando ya reli na ile yake kifuani. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka.

"Haya," akamwita mwanawe, "nenda na baba yako."