Kompyuta Iliyomtaja Mama kwa Jina

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu haisaidii. Natengeneza programu za kompyuta kwa lugha ya Python katika ofisi ndogo ya utafiti wa mbu hapa Ifakara. Wenzetu wa vijijini wanahesabu mbu walionaswa kwenye mitego, wanaingiza idadi kwenye kompyuta, nami nahakikisha idadi hizo zinafika. Zisipofika, natafutwa mimi.

Mwaka mmoja tulimpa kompyuta mama mmoja wa Kisawasawa, mzaliwa wa upande wa Mahenge. Kwa miaka mingi alitega mitego mwenyewe, nyumba hadi nyumba, mpaka goti lake la kulia likagoma. Msimamizi wetu akakubali ajaribiwe kazi ya mezani kwa miezi mitatu. Akiiweza, anabaki. Akishindwa, anarudi kwenye mitego au nyumbani, na kwa goti lile sote tulijua ni nyumbani.

Wiki ya tano nilituma toleo jipya la programu. Kesho yake asubuhi akanipigia: imekataa kufunguka.

“Shikamoo mama. Imeandika nini?”

“Marahaba, baba. Mengi, mekundu, ya Kiingereza.”

“Nisomee mstari wa mwisho.”

Akaanza na wa kwanza, taratibu, kama anasoma barua. Watu wengine walikuwa wananisubiri. Nikamkatiza: “Mama, nimesema wa mwisho! Zima, washa, jaribu tena.”

“Haya, baba,” akasema, akakata.

Hakupiga tena. Nami, kwa akili zangu, nikajipongeza kwamba tatizo limekwisha.

Siku ya sita msimamizi akaniita. Kutoka Kisawasawa hakujafika hata mbu mmoja. “Kompyuta imemshinda mama wa watu,” akasema, bila ubaya. “Jumatatu tumshukuru tu.” Nikaomba nikamwone kwanza. Nilipanda bodaboda nimenuna, njia nzima nikipanga somo nitakalompa.

Nilimkuta mezani, kanga mabegani, anaandika kwenye daftari. Idadi za siku zote sita zilikuwemo, zimepigiwa mistari kwa rula. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

“Mbona hukunipigia, mama?”

“Nilishakuudhi mara moja. Halafu kosa ni langu, baba. Yenyewe imesema.”

Akaiwasha, akaweka kidole kwenye skrini. Katikati ya maandishi mekundu lilikuwemo jina lake la ubatizo. Mara tatu.

Lilikuwepo kwa sababu mimi mwenyewe, siku ya kuiandaa kompyuta ile, niliipa folda jina lake. Python ikikwama huorodhesha kila faili ililopitia, pamoja na folda zake. Haimlaumu mtu. Lakini nani alimwambia? Siku sita mfululizo aliwasha, akaona ametajwa, akazima. Na ule mstari wa mwisho, niliomfokea kwa ajili yake, ulikuwa unasema programu imeita moduli ya vipimo na haikuipata. Moduli ni faili dogo ambalo programu kubwa huliita liisaidie kazi. Hili sikuwa nimelituma. Nilikuwa nimelisahau kwenye kompyuta yangu, Ifakara.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwomba radhi, akasema yameisha, na hilo likanichoma zaidi.

Kuliweka lile faili ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikabaki hapo mpaka saa nane mchana nikiandika upya ujumbe wa kosa. Moduli yoyote isipopatikana, maandishi mekundu yaende kwenye faili la pembeni nitakalosoma mimi, na kwenye skrini yatokee maneno machache ya Kiswahili. Nikaandika: “Moduli ya vipimo haijapatikana. Wasiliana na fundi.”

Mama akasoma, akatikisa kichwa. “Haya ni ya ofisini. Mtu akisoma hivi, bado anajiuliza kafanya nini.”

Tukaandika pamoja: “Faili la vipimo halijaletwa kwenye kompyuta hii. Wewe hujaharibu kitu. Andika idadi kwenye daftari, kisha mpigie fundi alilete.” Chini yake akataka niweke namba yangu ya simu. Nikaweka.

Kisha nikampigia msimamizi mbele yake, spika ikiwa wazi, nikasema aliyekosea ni mimi tangu mwanzo, na idadi zote zipo. “Basi aendelee,” akasema. Mama akageukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi pia sikuwa mzima sana.

Mwezi uliofuata nikatuma toleo jingine. Saa mbili asubuhi simu yake ikaingia. Hakusubiri hata shikamoo yangu.

“Umesahau faili, baba,” akasema. “Lilete haraka, nina kazi.”