Ng'ombe Wanne Mbele ya Kanisa

Walisema sitafika hata Kisumu. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye zizi kubwa kuliko la mtu yeyote upande wetu wa Sotik, alilisema hilo mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, kofia mkononi, watu wote wakisikia.

"Huyu? Huyu wa kuchuna majani chai na mama yake? Akisikia gari moshi likilia atatupa sanduku akimbie. Na asipokimbia, atatuletea kikohozi na suruali ndefu, basi."

Watu walicheka. Mimi nilisimama palepale na barua yangu mkononi. Ilitoka chuo cha kilimo kule Uganda, na juu yake palikuwa na jina langu, limepigwa kwa mashine. Hakuna mtu mwingine wa kanisa lile aliyewahi kuona jina lake limepigwa kwa mashine. Nilikuwa wa kwanza, na nasema hivyo bila kuona haya. Diploma yenyewe leo iko ukutani kwangu, mahali ambapo mgeni ataiona kabla hajaketi.

Lakini barua ilitaka karo, viatu vyeusi, koti na mablanketi. Mama yangu alikuwa mjane. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwetu mtu asiye na ng'ombe ni kama hajafika bado, ataonekana siku nyingine.

Kanisa letu lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa mabati ambayo akina mama waliyanunua kwa mayai na mahindi, bati baada ya bati, hadi mvua ikaacha kunyeshea Biblia. Lilisimama mgongoni mwa kilima. Ukitazama chini uliona chai ya wazungu imenyooka mistari hadi kwenye nyumba nyeupe ya meneja. Wanaume walikaa kushoto, wanawake kulia. Mabenchi yalikuwa magogo yaliyopasuliwa katikati, yakalainishwa na nguo za watu. Benchi la tatu, karibu na dirisha, lilikuwa letu, vijana saba wa rika moja. Nafasi yangu ilikuwa ya mwisho, ukutani. Kulikuwa na kifundo cha mti hapo ambacho nilikijua kwa paja kama ninavyokijua kidole changu.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kanisa, aliyetubatiza sote, alihubiri kwa ufupi kuliko kawaida. Kisha akasema yeye anatoa mtamba mmoja auzwe mnadani, na mimi nitarudisha ng'ombe kwa ng'ombe nikimaliza masomo. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Akainuka mnyapara wa shamba la chai, Mkisii mwenye sauti kubwa: "Mimi naongeza moja. Huyu kijana kikapu yake ilikuwa safi siku zote, hakuna kijiti ndani." Akainuka bibi mzee, rafiki wa mama, tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alikuwa na ng'ombe wawili tu duniani. Alitoa mmoja.

Ndipo yule mzee wa zizi kubwa akakohoa, akasimama.

"Nami natoa mmoja."

"Lakini mzee," akasema mtu nyuma, "si wewe ulisema hatafika?"

"Nilisema hatafika. Sikusema asipelekwe."

Walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaniombea. Nakumbuka uzito wa mikono ile. Sijawahi kubeba kitu kizito kama hicho, wala kitu nilichokitamani tena zaidi ya hicho.

Ya kule Uganda sitasimulia mengi. Nilikuwa wa pili darasani mwaka wa kwanza, na wa kwanza miaka miwili iliyofuata, nikiwashinda watu ambao baba zao walikuwa machifu. Nilijifunza udongo, mbegu na magonjwa ya mifugo. Jambo moja halikufundishika: hakuna mtu mwingine chuoni aliyejua Kikipsigis, lugha yetu. Jumapili nilikwenda kanisani pamoja na wenzangu, nikaimba kwa Kiingereza. Halafu nilitoka peke yangu hadi nyuma ya mabanda ya nguruwe, nikaimba nyimbo za kwetu kwa lugha ya kwetu. Nilianza na sauti ya juu, ambayo huimbwa na akina mama, kisha nikarudia mwanzo nikaimba ile ya chini. Wimbo mmoja ulinichukua muda mrefu kwa sababu nilikuwa kanisa zima.

Mwaka wa tatu nilipata barua ya mwalimu wa kanisa. Mama alikuwa amezikwa wiki tano kabla barua haijanifikia. Nilifanya mtihani wa magonjwa ya ng'ombe siku iliyofuata, nikapata alama za juu kabisa.

Nikarudi. Siku zile za Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, askari walikuwa wakikagua karatasi za kila Mwafrika ndani ya gari moshi. Mimi niliwaonyesha diploma. Nilishuka stesheni ya Lumbwa nikiwa na koti, tai na sanduku la ngozi, nikapanda lori la chai hadi Sotik, ambako serikali ilikuwa imenipa kazi ya bwana shamba na nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Usiku niliyasikia mabati yakipoa. Nilingoja Jumapili.

Yule mzee wa zizi kubwa alikuwa mlangoni. Alinitazama kuanzia viatu.

"Kikohozi je?"

"Hakuna, mzee."

"Suruali ndefu naiona." Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikadhani nimefika.

Niliingia, nikaelekea benchi la tatu. Wenzangu sita walikuwa wameketi. Waliponiona walisimama, wote kwa pamoja. Nikadhani wananisalimia. Kumbe walikuwa wananipisha. Walitoka kwenye benchi, wakasimama ukutani, wakaniachia gogo zima.

"Kaeni," nikawaambia. "Nafasi yangu ni ile ya mwisho."

"Hapana, Bwana," akasema yule aliyekuwa akikaa karibu nami. Miaka yote alikuwa akinidunga kiwiko ubavuni wakati wa maombi ili nicheke. "Utachafua koti. Hili gogo lina utomvu."

"Gogo la miaka kumi lina utomvu gani?"

"Sisi hatujasoma hayo, Bwana. Wewe ndiye unajua miti."

Wakacheka, lakini hawakuketi. Mzee mmoja akaja mbio na kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mgongo, ambacho kabla ya hapo kiliwekwa kwa ajili ya mmishonari alipotutembelea. Kikawekwa mbele, kando ya mimbari, kikitazamana na watu. Nikaketi hapo. Tulipoimba niliwaona wote, vinywa vyao vyote, na hakuna bega hata moja lililogusa langu. Mgongoni mwa yule rafiki yangu wa kiwiko palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mawingu yalikuwa yakishuka juu ya chai.

Ilikuwa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Baada ya ibada watu waliniuliza kuhusu mahindi yenye wadudu, wakanishukuru, wakaenda nyumbani kula kwa makundi. Mimi nilirudi kwenye vyumba vyangu viwili, nikajipikia. Nilitaka kitu kimoja tu maishani wakati ule, nacho kilikuwa nafasi ya mwisho kwenye benchi la tatu.

Mtu aliyesoma hutafuta sababu ya ugonjwa. Nilitafuta, nikaipata: ng'ombe wanne. Niliona kwamba watu hawa hawawezi kukaa bega kwa bega na mtu ambaye bado hajawalipa. Nikilipa, nilijiambia, nitakuwa mwenzao tena.

Basi nilijinyima kwa miaka miwili. Sikununua baiskeli, na mabwana shamba wote walikuwa na baiskeli. Nilikwenda kwa miguu hadi Chebunyo na hadi Mulot kuchagua mitamba, nikiwapima kifua na kiwele kama nilivyofundishwa. Nasema kweli, hapakuwa na mtu wilaya nzima aliyeweza kuchagua ng'ombe kama mimi. Kila mmoja kati ya wale wanne alikuwa bora kuliko yule aliyetolewa kwa ajili yangu.

Jumamosi moja nilimtembelea Kogo. Alikuwa amekaa mlangoni akisafisha kibuyu kwa kaa la mti, tayari kwa maziwa ya kugandisha. Nilimwambia kwamba kesho baada ya ibada nitawarudisha wote wanne, hapo mbele ya kanisa, ili kila mtu aone.

Hakuinua macho. "Wote?"

"Wote, Kogo."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Akaweka kibuyu chini. "Mtoto wangu, huko ulikokwenda walikufundisha ng'ombe au walikufundisha nyama?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama nimesahau *kimanagan*, desturi yetu ya mtu kuweka ng'ombe wake katika zizi la mwenzake. Anayemtunza hunywa maziwa, ndama huwa wa mwenye ng'ombe, na wanaweza kukaa hivyo hadi wajukuu.

"Unajua kwa nini sisi hatuharakishi kumchukua?" akasema. "Ng'ombe wangu akiwa kwako, naweza kuingia kwako siku yoyote. Naja kumwona ng'ombe. Nakunywa chai yako, natukana watoto wako, naenda. Hawa watu wanne, tangu uondoke, walikuwa wakiulizana juu yako kila Jumapili. Anaendeleaje? Ameandika? Mama yako alipofariki, nani alimchimbia kaburi? Yule mzee mwenye maneno. Kwa sababu ulikuwa wake. Alikuwa na ng'ombe ndani yako."

"Lakini Kogo, maandiko yanatukataza kudaiwa."

"Mimi sijui kusoma," akasema, "lakini aya hiyo nimeishika kichwani, na haijaishia hapo. Inabakiza deni la kupendana." Akachukua kibuyu chake tena. "Peleka mmoja. Mpeleke nyumbani kwa mtu, jioni, ukae, ule. Mwaka ujao peleka mwingine. Wangu, niache nife nikikudai."

Nilimjibu kwa heshima. Ndani yangu nilisema huyu ni mama mzee ambaye hajasoma. Nilikuwa nimeshawapiga brashi wale ng'ombe.

Kesho yake niliwafunga kwenye ua wa kanisa kabla watu hawajafika, wanne kwa mstari, kila mmoja na kamba mpya ya katani. Wakati wa mahubiri walikuwa wakilia, na watoto walikuwa wakigeuka kutazama. Baada ya baraka niliwaomba watu wangoje nje. Nilitoa hotuba. Nilikumbusha yale yaliyosemwa mlangoni, kwamba sitafika hata Kisumu. Nilisema nimefika mbali kuliko Kisumu, nimerudi, na kuanzia leo hakuna mtu anayenidai. Nilingoja wapige makofi. Walipiga, kidogo, kama watu wanaokung'uta unga mikononi.

Mwalimu wa kanisa alikuja kwanza. Alimshika wake pembe, akafungua kamba, akanirudishia mkononi. "Mungu akubariki," akasema, akamsukuma ng'ombe kwa fimbo kuelekea njiani.

Mnyapara alimzunguka wake mara mbili. "Ng'ombe mzuri sana, Bwana. Mzuri kushinda ile yangu." Alisema kwa huzuni, kama mtu aliyepewa chenji. Kamba ya pili ikarudi mkononi mwangu.

Yule mzee wa zizi kubwa hakuwa na mzaha siku hiyo. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo umemaliza."

"Nimemaliza, mzee."

"Mimi sikuwa na haraka," akasema. Ndivyo alivyosema, na akafungua kamba.

Rafiki yangu wa kiwiko alisema kwa sauti, ili wenzake wacheke, "Sasa huyu ni mzungu kamili. Hadaiwi!" Walicheka kidogo, wakaanza kushuka kilima nyuma ya ng'ombe wa mzee, wakizungumza juu ya malisho.

Kogo alikuja mwisho. Nilitaka kumwambia mwache, Kogo, wako nitakaa naye. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu wote kwamba hakuna anayenidai, na mimi si mtu wa kula maneno yake. Alifungua fundo polepole, kwa vidole vya uzee, na sikumsaidia.

"Kongoi," akasema. Asante. Nilitaraji aongeze mtoto wangu. Hakuongeza. Akaenda na ng'ombe wake, sasa akiwa tena na wawili duniani, kama kabla sijazaliwa akilini mwake.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye chai. Nilibaki na kamba nne mkononi, na kinyesi kwenye majani ya ua, ambacho nilikiondoa kwa koleo, kwa kuwa ni nyumba ya Bwana. Kisha niliingia ndani kurudisha kiti changu ukutani. Hapakuwa na mtu. Nikaenda kwenye benchi la tatu, nikasogea hadi mwisho kabisa, karibu na dirisha, nikaketi juu ya kile kifundo. Kilikuwa palepale. Nilikaa nikiwa nimebana mabega, kama mtu anayewapisha wengine sita.