Kutoka Edmonton Hadi Thamesmead, na Treni Iliyokwama Kahe

Chaka-chaka, chaka-chaka, tuuuu! Sauti hiyo hadi leo iko masikioni mwangu. Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ile ya Edmonton, kaskazini mwa London, niliisikia ikitoka chooni. Nikasimama kwenye ngazi na ndoo mkononi, nikijiuliza ni reli gani hii inayopita ndani ya nyumba za watu. Kisha treni ikakohoa. Mlango ukafunguka, akatoka mzee mwembamba mwenye taulo begani.

"Wewe ndiye binti mpya? Umepandia wapi?"

"Tanga, Mzee."

"Basi umewahi. Na mimi ndiyo kwanza naondoka Tanga."

Huyo ndiye Mzee Mhando, ambaye binti yake Rehema aliniajiri nimtunze mchana yeye akiwa kazini hospitali. Ndugu zangu wa nyumbani, mmekuwa mkiniuliza London ikoje. Mnara na daraja mmeviona kwenye picha. Mimi nitawaeleza siku moja tu, siku niliyomsindikiza Mzee Mhando redioni Thamesmead, maana ndiyo safari niliyoielewa.

Kwanza mjue sababu ya kwenda. Zamani, redio zilipokuwa bado ni za kuhesabika mtaani, Mzee Mhando alikuwa mtumbuizaji. Kazi yake ilikuwa treni. Kwa mdomo wake mwenyewe aliiondoa Tanga na kuipitisha Muheza, Korogwe, Mombo, Same, hadi Kahe na Moshi, pamoja na wauza machungwa, mbuzi wa abiria, mtoto anayelia na mkata tiketi mkali. Aliitwa mgeni kwenye vipindi mara nyingi. Lakini treni yake haikufika Moshi hata mara moja.

Kosa lilikuwa adabu. "Redio ni kuingia nyumba za watu," huniambia. "Utaingiaje bila hodi?" Basi mara ya kwanza alipopewa maikrofoni alisema, "Hodi wenyewe!" Akanyamaza, akingoja aitikiwe. Fundi mitambo alipoona kimya akadhani mtambo umekufa, akaanza kufungua vifuniko vyake vya bati. Mzee akapiga hodi ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu. Treni ilipofika Muheza, taarifa ya habari ikamkata.

Televisheni ilipokuja, ikawa balaa zaidi. Alipoambiwa kwamba sasa ataonekana sebuleni kwa watu, alivua viatu akavipanga vizuri mbele ya kamera. Mpiga picha, ambaye naye alikuwa mgeni wa kazi, akadhani ndiyo sehemu ya mchezo, akavielekezea kamera mpaka mwisho. Watu walitazama viatu vikipiga honi hadi Mombo, muda ukaisha.

Sasa jambo lenyewe. Wakati wa kipindi kile cha kwanza, mchumba wake, Bi Zaina, alikuwa Moshi akijifunza uuguzi. Mzee alimwahidi, "Jioni nitakuja kwa redio, unipokee." Bi Zaina alikaa dirishani kwa jirani akasikiliza hadi Muheza. Walioana, wakazaa, wakahamia Uingereza, na maisha yao yote mke alimtania, "Mume wangu bado yuko njiani." Alifariki miaka michache kabla sijaja. Picha yake iko jikoni kando ya redio. Na daktari amemwambia Mzee kwamba kifua chake kimechoka. Yeye hutafsiri hivi, akiniita kwa jina langu: "Tatu, pumzi iliyobaki ni ya stesheni chache. Nataka kufika."

Kwa hiyo Rehema alipopata habari za redio ya Kiswahili inayorushwa mtandaoni kutoka Thamesmead, alimwombea baba yake nusu saa. Mimi nikajitolea kumpeleka. Nikiri na mimi nina ndoto yangu: shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini tangu utotoni nasoma matangazo ya sabuni kwa sauti ya mtangazaji.

Saa tatu asubuhi tulitoka Edmonton. Mzee alivaa suti ya kahawia, tai, na viatu alivyovisugua mpaka vikawa na nyuso zetu. Rehema, ambaye akifurahi husahau Kiswahili, alimbusu akasema, "Dad, please, skip the hodi," yaani leo aiache hodi. Mzee akamjibu, "Nimekusikia, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia kitu.

Tulipanda treni ya juu ya ardhi, Overground, hadi Liverpool Street. Njiani Mzee alifumba macho akitikisa kichwa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nasikiliza. Hii treni haina tumbo. Inateleza tu kama sabuni."

"Lakini inafika, Mzee."

"Usinichokoze, binti wa Tanga."

Liverpool Street ni kama sokoni siku ya sikukuu, ila hakuna anayeuza wala anayesalimia. Mzee alimwamkia mlinzi wa lango, mkaguzi wa tiketi, na mwanamume aliyekuwa akijisemea peke yake, kumbe anaongea na simu. Tukashuka chini sana kwa ngazi zinazotembea, tukapanda treni ya laini ya Elizabeth hadi Abbey Wood, na kutoka hapo basi. Dirishani nikaona majengo marefu ya kijivu, ziwa lenye bata, na akina mama wenye vitambaa vya kichwani wakivuta vikapu vya magurudumu. Nilisikia Kiyoruba, nikasikia Kilingala, halafu kijana mmoja akasema kwenye simu, "Wacha ujinga, bana." Nikajua tumekaribia.

Saa tano na nusu tuliwasili. Redio yenyewe ni chumba cha kulala ghorofa ya tatu. Godoro limeegemezwa ukutani lizuie mwangwi, na mbele yake meza ya kupigia pasi imebeba kompyuta na maikrofoni mbili. Mwenyeji wetu, Baraka, Mkenya mnene mwenye kicheko cha karibu, alitupokea na chai.

"Karibuni, karibuni! Mzee wangu, leo utatutoa jasho. Uko na nusu saa kamili. Baada yako ni Mchungaji na maombi ya mchana, na huyo haki hachelewi."

"Nusu saa inatosha," akasema Mzee. Akakaa. Akainama, akavua viatu, akavipanga chini ya meza ya pasi, vidole vikiangalia mlango.

Baraka akaniangalia. Nikamwambia kwa macho, nyamaza tu.

Taa nyekundu ikawaka. Baraka akamtambulisha kwa maneno mazuri, kisha Mzee akasogelea maikrofoni. Nami nikasogea mbele kana kwamba atakayesema ni mimi.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Baraka alinyoosha mkono ajaze pengo, Mzee akamzuia kwa kidole kimoja. Kimya kikaendelea. Nilisikia friji ya jikoni ikinguruma.

Ndipo simu ya Baraka ikalia ting. Ikalia tena. Ikaanza kutetemeka mezani kama kambale. Baraka akabonyeza, na sauti ya mama mmoja ikajaa chumba kizima: "Karibu, baba! Huku ni Wembley!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Miaka yote ile amepiga hodi kwenye chuma, leo chuma kimemwitikia.

"Starehe, mama," akasema taratibu. "Hamjambo hapo? Watoto?"

Ikaja nyingine, "Karibu babu, Edmonton hapa!" Akauliza hali. Ikaja ya Leicester, ya Mombasa, ya dereva aliyeegesha lori kando ya barabara. Mtu akiitikia hodi, utampitaje bila kumjulia hali? Mzee alimuuliza kila mmoja habari za nyumbani, na wa Leicester akaeleza habari zote za goti lake.

Baraka alikuwa anajifuta jasho. "Mzee wangu, sasa ingia kwa treni. Muda!"

Halafu ikaingia sauti niliyoifahamu hata kabla ya neno la kwanza, maana ilianza na kikohozi. Bibi yangu, Tanga, aliyekuwa akisikiliza kwa simu! "Karibu Mhando. Ila safari hii usikawie. Mwaka ule uliniacha Muheza na chai imepoa!"

Lazima niwaeleze: Bibi alikuwa mmoja wa waliomwitikia tangu zamani. Redio ikipiga hodi, yeye alisema karibu, na hata baada ya Mhando kuhama aliendelea kuweka kikombe cha chai kando ya redio, kwa kuwa mgeni hakai mkavu. Mimi nilikua nikiona kikombe kile bila kujua cha nani.

"Dada yangu," Mzee akasema, "panda, tunaondoka sasa hivi."

Chaka... chaka... chaka-chaka... tuuuu! Mabibi na mabwana, iliondoka. Pongwe tulipita bila kusimama. Muheza machungwa, Korogwe mbuzi akapandishwa kwa ubishi mkubwa, na mbuzi huyo ndiye aliyekata tiketi kwa heshima kuliko abiria wote. Mombo mtoto akalia. Baraka alicheka mpaka akashika godoro. Milima ikaanza, treni ikawa nzito, na mimi niliona shingo ya Mzee imejaa mishipa. Same! Zimebaki Kahe na Moshi.

Mlango ukagongwa.

Mzee, bila kupoteza mwendo, akaitikia, "Karibu!"

Akaingia Mchungaji, Mkongomani mrefu aliyevaa suti nyeupe, Biblia kwapani. "Samahani, Papa. Saa yetu ilishafika. Batu banangojea maombi."

"Tiketi!" akafoka Mzee kwa sauti ya mkaguzi.

Mchungaji akapapasa mfuko wa koti. Naapa, alipapasa! Akatoa kadi yake ya basi akaionyesha. Mzee akaikagua. "Daraja la tatu. Kaa hapo na mbuzi." Mchungaji, ambaye amelelewa kumheshimu mzee, akakaa kando yangu kwenye kitanda kisicho na godoro, akiwa ameshika Biblia kwa mikono miwili.

Chaka-chaka... Kahe. Breki, mvuke, kengele. Imebaki moja tu. Mzee akavuta pumzi ya kuondokea, na pumzi ikakataa. Akakohoa. Akakohoa tena, mpaka nikamshika mgongo na kumpa maji. Baraka akapandisha muziki haraka.

"Tumekwama Kahe," Mzee akanong'ona. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na si ya kikohozi.

Muda ulikuwa umekwisha na kupita. Mchungaji akakaa kwenye kiti, akavaa vipokea sauti, akafunga macho. Nilidhani atawaombea wagonjwa. Akasema, "Baba wa mbinguni, kabla ya yote, kuko treni imekwama pa Kahe. Uipe moto." Simu ikaanza kutetemeka: Amina, Amina, Amina kutoka kila pahali.

Saa saba tuliaga. Niliinama nimvalishe Mzee viatu, akarudisha miguu nyuma.

"Siwezi. Bado nimo ndani ya nyumba za watu. Sikuwaaga, nimekatwa. Mtu hutoka akiaga, ndipo avae viatu."

"Mzee, nje mvua inanyesha!"

"Basi nisitirie."

Nikamfunga mifuko ya plastiki juu ya soksi, viatu nikavitia kwenye begi lake. Tukavuka London hivyo. Abbey Wood mfanyakazi wa stesheni alisogea kwa upole akauliza kama babu yuko salama. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nikamweleza kwamba bado yuko kwenye nyumba za watu na hajaaga. Alitafakari, akasema naye mama yake wa Jamaika angefanya vilevile, akatufungulia lango pana.

Liverpool Street tulipata viti kwenye Overground. Begi lilikuwa mapajani mwa Mzee, akilishika kama mtu anayeogopa litaibiwa. Tulipopita Seven Sisters nikaona kichwa chake kimeanza kutikisika kidogo.

"Tatu. Sikiliza chini ya miguu."

Nikasikiliza. Chaka-chaka, chaka-chaka. Kumbe tumbo lipo, liko chini kabisa.

"Siku zote naivuta treni peke yangu," akasema. "Mlima wote, mimi tu. Hii inanivuta. Acha ivute. Mimi nitapiga honi tu."

Treni ilipoanza kupunguza mwendo kuingia Edmonton Green, Mzee alisimama, akashika nguzo, akapiga honi. Haikuwa kubwa. Ikafuata breki ndefu, laini, mpaka mama mmoja mwenye sare ya usafi akavua vidude masikioni. Mvuke ukatoka, fyuuu. Kisha kwa sauti safi: "Moshi! Moshi! Mwisho wa safari!"

Milango ikafunguka. Nikawaza: atashuka, na Moshi nzima hakuna wa kumpokea? Nikaruka nje kabla yake, nikageuka haraka, nikasimama pale jukwaani nikatabasamu kama mtu aliyengoja siku nyingi. Akashuka na mifuko yake ya plastiki. Nikampokea begi kwa mikono miwili.

"Pole na safari."

Akarekebisha tai yake. "Nimechelewa kidogo," akasema.

Tukakaa kwenye benchi. Akasema, "Kwaherini wenyewe, ahsanteni kwa kunikaribisha," akitazama mbele tu, kisha akaninyooshea mguu. Nikamvalisha viatu.

Mnaponiuliza London imenifundisha nini, sina jibu la kisomi. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuwa njiani maisha yake yote, na kilichokosekana ni mtu wa kusimama stesheni. Hilo halihitaji cheti.

Jioni ile, Mzee alipolala, nilimtumia Bibi ujumbe wa sauti: "Imefika." Hakukawia kujibu: "Na mgeni amepewa chai?"

Nikashuka jikoni. Hakukuwa na mtu. Nikachemsha maji, nikatia tangawizi, nikamimina vikombe viwili. Nikaviweka kando ya redio, mbele ya picha ya Bi Zaina, kimoja cha mwenyeji na kimoja cha msafiri wake. Kisha nikavua ndala zangu, nikasema kwa sauti ya chini, "Karibuni."