Mhanga Aliyetoka Mchana

Nilikuwa na miaka saba hivi, tukiishi nje kidogo ya Gotu, nilipomwona mhanga mchana. Jua lilikuwa utosini. Alikuwa akichimba kichuguu karibu na zizi letu, masikio marefu kama ya punda, mbavu zote zikionekana. Kabla ya siku hiyo nilijua mashimo yake tu, kwa sababu mhanga ni mnyama wa usiku. Kukipambazuka huwa ameshajificha.

Nilikimbia kumwita Akoo, mama yake baba. Alikuja akamtazama kwa muda mrefu. Vijana wa jirani walifika na fimbo wakitaka kumuua, wakisema ni mkosi. Akoo aliwazuia.

"Mwacheni. Aliyeleta habari hapigwi."

Jioni alimwambia baba, "Guyo, wa usiku akitembea mchana, nchi imegeuka. Wazee wetu walikuwa wanahama. Tuhame."

Baba alikuwa mtu wa redio. "Mama, redio imesema mvua inakuja mwezi huu. Siwezi kuhamisha ng'ombe kwa sababu ya mhanga."

"Sawa. Mimi nitaenda na mbuzi wangu. Nipe huyu msichana anisaidie."

Mama alinijazia maziwa kwenye kibuyu. Tulitembea siku tatu kuelekea miteremko ya Nyambene, Akoo mbele, mbuzi nyuma yake, na mimi nyuma ya mbuzi. Siku ya kwanza nililia njia nzima. Nilidhani baba amenitoa kwa Akoo moja kwa moja, kwamba sitarudi nyumbani tena.

Mvua haikuja mwezi ule, wala uliofuata. Baba alitufikia baada ya miezi mitatu, akiwa na mama, ndugu zangu na punda mmoja. Ng'ombe wote walikuwa wamekufa. Alisimama nje ya kibanda chetu, akasema salaam aleikum kwa sauti ya chini kama mgeni. Nilimtazama Akoo nikingoja amkumbushe habari ya mhanga. Alimmiminia chai tu.

"Kaa, kunywa kwanza," alisema.

Hakulitaja jambo lile mpaka alipofariki. Baba naye hakurudia ufugaji. Alihamia Isiolo mjini, akawa mpakiaji wa malori.

Siku hizi nafundisha chekechea hapa mjini. Watoto hubandika picha ukutani, jogoo na tumbili upande wa jua, bundi, popo na fisi upande wa mwezi. Juzi Hawo, mtoto wa miaka mitano, alishika picha ya mhanga akaniuliza, "Mwalimu, na kama ameamka mchana?" Wenzake walicheka. Nilimwambia kwamba ukame ukizidi mchwa hupungua, na mhanga mwenye njaa hutoka hata mchana kutafuta chakula. Hayo nilijifunza chuoni. Akoo hakuwa na maelezo hayo. Alikuwa na msemo wa wazee, akaufuata.

Simlaumu baba. Watu wengi walisikia redio ile ile wakabaki, na huenda mwaka mwingine ingekuwa kweli. Mume wangu huniuliza kama naamini mambo ya mkosi, nami humwambia siamini. Lakini maziwa tuliyokunywa mwaka ule, sisi sote, baba akiwemo, yalitoka kwa mbuzi wa Akoo.