Sifa kwenye Gari Jekundu

Harufu ya sifa hainipiti. Nikishuka pale sokoni Kilwa Masoko, upande wa samaki, hata kama mafuta yenyewe yamo ndani ya debe na juu limefunikwa gunia, pua yangu huyajua kabla macho hayajafika. Sifa ni mafuta ya maini ya papa, yanapikwa taratibu mpaka yanakuwa mazito, na mafundi wa vyombo huyapaka mbao zisiliwe na maji ya chumvi. Wengine wakipita hapo huziba pua. Mimi husimama, nikawa tena mtoto wa miaka kumi, nimelala chali chini ya gari, na mikono yangu inanuka sabuni.

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya wilaya, mtu wa kalamu, shati limepigwa pasi ya mkaa hata siku ya kwenda kulima shamba la pamoja. Alizaliwa Likawage, huko bara, akaifuata shule kwa miguu peku, na nadhani miguu ile ndiyo iliyonunua gari. Serikali ilipoyachukua mashamba ya mkonge, meneja mmoja wa Kizungu alifunga virago akatafuta wa kumwuzia gari lake. Baba akalitaka. Akiba ya kuezekea nyumba bati ikaenda yote huko. Kwa hiyo tukawa watu wa ajabu mtaani: juu tuna makuti, na bati letu tunalikalia.

Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limekaa chini hata kuku wetu walilitazama usoni. Liliundwa kwa ajili ya mbio. Yule Mzungu alikuwa amelikimbiza kwenye mashindano ya magari kabla ya kulileta kwetu, na jua la alasiri likiupiga mlango kwa upande uliona chini ya rangi alama ya namba yake ya zamani, ishirini na saba. Baba alipoliwasha, mngurumo wake niliusikia tumboni kwanza, masikioni baadaye. Katika barabara ya Kivinje, pale penye unyoofu, aliliachia, na alipoliachia alicheka. Nyumbani baba hakuwa mtu wa kucheka. Nililipenda gari lile kwa sababu hiyo moja.

Mama alilizunguka siku ya kwanza, akasema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui. Kisha akatengeneza ushungi wake, akaingia ndani, akaomba apelekwe kwa kaka yake.

Kaka yake ndiye Mjomba Mfaume, fundi wa mashua, na kwa majivuno sijaona wa kumfikia. Kosa lake hakuwahi kulikubali hata moja. Mashua ikivuja, mbao ndiyo mbaya, au mwenye mashua, au mwezi. Alilitazama gari la shemeji yake akaligonga kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kama anavyogonga mbao. Akainua zulia la miguuni. Chini yake mlikuwa na kutu, imepakwa rangi juu ikapendeza. "Nyumba njema si mlango, shemeji," alisema, na baba akanuna wiki nzima.

Lakini Mjomba alikwisha kuamua. Chuma na mbao, alisema, adui yao ni mmoja. Tangu siku hiyo kila bamvua, siku za maji makubwa, mashua zinapolazwa pwani zikauke zipakwe, alibakiza kopo moja la sifa akaja nalo kwetu. Alitandika jamvi chini ya gari, akaingia na brashi yake ya kumbi la nazi, ukawa unaona miguu tu na kusikia anavyoligombeza. Alipaka sakafu kwa chini, akapaka ndani ya milango, akapaka kila pembe ambayo mkono wake ulifika. Baba alilalamika kuhusu harufu. Hata hivyo kutu ilisimama. Miaka mitatu ilipita, magari ya ofisi yakiliwa na upepo wa bahari mpaka unaweza kuyatoboa kwa kidole, na letu zima. Mjomba alitangaza kwenye kila baraza kwamba wako Wazungu wanaounda magari na yuko Mfaume anayeyatunza.

Lakini gharama ya harufu ile, msomaji wangu, niliilipa mimi. Baba alinishusha shuleni kila asubuhi akielekea kazini, na jua likishapanda viti vile vilikuwa vinatoa mafuta. Sare yangu ilinuka. Nywele zangu zilinuka. Wenzangu wakanipa jina la Ng'onda, yaani papa mkavu, na jina likanikaa hata mwalimu akajisahau siku moja akaniita hivyo kwenye mahudhurio. Nilivumilia mpaka siku ya maulidi. Tulikuwa tumepangwa mstari, wasichana wote na vikuba vya asmini kifuani, nami nina gauni jipya. Aliyekuwa kando yangu akasogea. Wa pili naye akasogea. Tukasoma kaswida yote mimi nikiwa na nafasi ya watu wawili kila upande, na mama yangu anaona.

Bamvua lililofuata Mjomba alipaka kama desturi yake. Kesho yake baba alikwenda ofisini kwa miguu, maana petroli ilikuwa ya kubahatisha, na mama akaenda shamba. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, jivu la jikoni na tambara la gunia, nikaingia chini ya gari nikaisugua sifa yote. Niliisugua milango kwa ndani. Maji matamu yalitoka mbali, na ndoo ikipungua mama angeuliza, kwa hiyo niliteka kwenye kisima cha karibu, kile cha maji ya munyu, yaani ya chumvi, ambayo hata mbuzi waliyanywa kwa kusitasita. Niliosha hivyo kila Mjomba alipopaka, tangu masika ile mpaka korosho zikavunwa, kisha zikavunwa tena. Mjomba alipaka kwa mazoea, hakukagua kilichokuwa chini ya brashi yake. Viganja vikanichanika. Ng'onda nikaendelea kuitwa, maana jina halitoki kwa sabuni.

Ndipo ikaja habari ya kuhamia vijijini. Huko Likawage watu waliambiwa waache mashamba yao ya mbalimbali, wakae pamoja, na malori yakaanza kuwabeba. Bibi, mama yake baba, alikuwa peke yake kwenye miti yake ya korosho. Baba akasema mama yake hatarushwa kwenye lori pamoja na masufuria. Atamleta Masoko mwenyewe, kwenye gari lake. Nafikiri tangu siku ya kulinunua alikuwa akiingoja safari hiyo.

Nilikwenda naye. Ilikuwa kiangazi, na gari lile la chini lilikwaruza tumbo njia nzima. Bibi alitoka na furushi moja la nguo na kinu chake. Baba alimsihi kinu akiache. Alijibu kwamba nyumba anaiacha, miti anaiacha, kaburi la mumewe analiacha, na kama kinu nacho hakitakiwi basi naye abaki. Kikawekwa miguuni pake, kiti cha mbele. Alikikumbatia kwa magoti. Watu waliokuwa wakingoja lori walisimama kutuangalia, na baba aliliwasha gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tulikuwa tumeshafika nusu ya njia, kwenye makorongo, pale chini paliposema "kra". Sikuelewa. Nilikuwa kiti cha nyuma, nikaona barabara inapita mahali ambapo palikuwa na zulia. Kinu kilikuwa kimekwenda, na mguu wa Bibi ulikuwa umekifuata. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, simama." Baba alisimama, akautoa mguu ule kwenye tundu la bati lililochanika, na kingo za tundu zilimeguka mkononi mwake kama mkate mkavu. Nyama ilikuwa wazi toka kifundo mpaka karibu na goti. Baba alivua shati lake la pasi akamfunga nalo.

Sasa yawapasa kujua jambo moja juu ya baba. Akishasema neno mbele za watu, harudi nyuma. Mbuzi wa jirani aliwahi kumtafunia shati, akaapa hatakanyaga baraza la mtu yule, na jirani alipokufa baba alisimama barabarani mvua ikimnyeshea mpaka jeneza likatolewa. Tulikuwa tunacheka kisa hicho nyumbani, yeye asipokuwepo.

Siku ya tatu alimwita Mjomba. Bibi alikuwa amelazwa barazani, mguu umefungwa, na majirani watatu waliokuja kumpa pole walikuwa hawajaondoka. Baba alisema mafuta ya papa yamekula chuma chake, yamemkata mama yake. Mjomba alicheka. Alisema sifa haijapata kuozesha kitu tangu enzi za babu yake, na kama sakafu imeoza, basi kuna mtu ameitoa. Akamalizia kwa utani wa shemeji kwa shemeji: "Kikulacho ki nguoni mwako. Waulize watu wa nyumbani kwako."

Baba hakuuchukua kama utani. Alisimama. "Basi nasema mbele ya hawa," akasema, sauti yake ya chini kabisa. "Ikiwa ni mkono wa mtu wa nyumba hii, Mama Somoe leo anarudi kwao."

Somoe ni mimi. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na mkono wake ukasimama.

Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya mama. Ingekuwa hadithi nzuri. Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa baba kuliko nilivyompenda mama dakika ile.

Mjomba hakuwa na wasiwasi. Alitandika jamvi lake akaingia chini ya gari kwenda kulitetea jina lake, tukabaki na miguu yake. Miguu ilisogea huku na huku. Kisha ikatulia. Nilijua anachokiona: chuma kisicho na tone la mafuta, na jivu limeganda kwenye mikunjo. Alikaa huko muda mrefu sana. Alipotoka alivinusa vidole vyake. Akaitazama mikono yangu, nami nikaificha nyuma. Akamtazama dada yake pale kwenye mbuzi.

Alijifuta vidole kwenye msuli aliojifunga kiunoni taratibu, kimoja kimoja.

"Ni mafuta yangu, shemeji," alisema. "Safari hii niliyachanganya vibaya. Naomba radhi kwako, na kwa mama."

Mimi nilifurahi. Naandika neno hilo na aibu yake yote. Zaidi ya kufurahi, niliamini. Mtu mzima, tena fundi, amesema ameyachanganya vibaya, basi ndivyo ilivyokuwa; nikala wali wangu wa nazi siku ile nikalala usingizi.

Habari haikulala. Watu walisema Mfaume ameozesha gari la karani, ataozesha na mashua zetu, na mmoja mmoja wakavipeleka vyombo vyao kwa mafundi wa Kivinje. Mwaka haukuisha, Mjomba akahamia kisiwani Songo Mnara, akawa anaziba mitumbwi ya watu. Baba hakulitaja jina lake tena. Mama alimwona kaka yake misibani tu, tena kwa mbali, upande wa wanaume. Bibi alipona, lakini alichechemea mpaka alipokufa, na unga wake akautwanga kwenye kinu cha kuazima. Gari lilibaki bandani. Makuti yaliliangukia, kuku wakaingia kwa lile tundu wakatagia ndani, wakaangua. Mama hakusema lolote kuhusu methali yake.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, baba ameshafariki, nilipopanda boti kwenda kumwona Mjomba. Nilimkuta anapaka mtumbwi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuiacha brashi. Tulizungumza habari za watu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, nami kwa kutafuta la kusema nikamwuliza kama mvua haitaiondoa sifa ile mbichi.

"Sifa haitoki kwa mvua, mwanangu," alisema. "Masika nzima inapita, haitoki. Inataka sabuni, na jivu, na mtu aliyeichoka kweli."

Aliendelea kupaka. Mimi nilikaa kwenye mchanga. Nilimwuliza kwa nini, nikalia hata swali lenyewe sikulimaliza. Alinipa kopo nimshikie.

"Nilikuwa na dada mmoja tu," akasema.

Mama alikuwa bado hai. Alikufa miaka mingi baadaye, katika nyumba ile ile, hajarudishwa kwao. Sikumwambia kitu, na hata sasa sijui kama nilimhifadhi au nilijihifadhi.

Hapa Masoko nina geti la chuma, na kila bamvua nanunua kopo moja nalipaka mwenyewe. Wajukuu wangu wanapita wameziba pua, wanasema shuleni wanachekwa. Siwakatazi kuziba pua. Nimewakataza kuliosha.