Kikapu Katikati ya Uwanja wa Gofu

Habari za kifo chake zilinikuta Old Town, Lilongwe, mikono yangu imejaa vitenge vya jumla na mwenye duka ananisubiri niseme nachukua rangi gani. Aliyenipigia simu ni kiongozi wa kwaya yetu ya kambi ya Dzaleka. Alisema yule Mrundi aliyekuwa akikata majani ya gofu kule Ziwa Malawi amefariki alfajiri, hospitalini Likuni, na kabla sijajibu akaniuliza swali lililonitoa hamu ya vitenge: "Sasa ku mazishi, nani atasema ku jina ya famiye? Pale nyumbani iko mama peke yake." Nilirudisha mzigo wote mezani. Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Lazima asimame mtu wa nyumba yake, aseme marehemu alikuwa nani na awashukuru waliokuja. Huyu alikuwa na mke tu, hakujaliwa mtoto, na ndugu zake walibaki Burundi au walitawanyika, wengine hata hakujua wako wapi. Niliumia sana kwa swali lile. Hata hivyo, uchungu wangu haukudumu, kwa sababu kila nikimkumbuka yule bwana huwa nacheka.

Alikuwa mkulima, mwana wa mkulima, mtu wa milimani. Kabla serikali haijatuamuru wakimbizi wote turudi kambini, alipata kibarua kwenye hoteli moja ya ziwani, aina ile ya hoteli ambayo maharusi wa Lilongwe huenda kupumzika baada ya ndoa, yenye vyumba vinavyotazama maji na uwanja wa gofu unaoteremka mpaka ufukweni. Kazi yake ilikuwa kusukuma mashine ya kukata majani, na wiki za mwanzo zilimtesa moyo. "Majani muzuri vile," aliniambia, "na hata ng'ombe moja haiko." Alishangaa pia kuona watu wazima wakitembea nusu siku nyuma ya kimpira kidogo, na wakikipata wanakipiga kiende mbali tena. Hayo yote aliyazoea. Kitu ambacho hakukizoea ni wale maharusi wenyewe.

Kwa kina yeye, bibi harusi haachwi hivi hivi. Siku za kwanza anakaa ndani, hashiki jembe wala sufuria, mpaka jamaa za pande zote mbili waje na vyakula na vinywaji, wamtoe rasmi, kila mtu ajue kwamba huyu ana watu wake. Sasa kule hotelini alikuwa akiona kijana na binti wanashuka garini wawili tu, bila shangazi, bila kaka, bila hata mtu wa kubeba kapu. Siku moja alimwona bwana harusi akijifunza gofu, mipira inaishia majini, na bibi harusi ameketi pembeni chini ya mwavuli akijifuta machozi. Ukweli, kama alivyonisimulia baadaye binti mwenyewe, ni kwamba alikuwa amekasirika tu: mume aliahidi kumpeleka kwenye boti, kisha gofu ikamteka tangu asubuhi. Mkata majani hakuyajua hayo. Alirudi kwenye chumba chao cha kupanga akamwambia mke wake kuna watoto wawili wametoroka wakaoana, na wazazi wamewatupa.

Kesho yake yeye na mkewe walikatiza uwanja mchana kweupe. Mama amevaa imvutano, ile nguo ya heshima inayofungwa begani, na kichwani ana kikapu cha maharage yaliyopikwa, ndizi na usipa, wale dagaa wa huku. Baba ameshika kuku hai. Waliwapita wachezaji waliokuwa wameinua fimbo zao, wakafika mbele ya mwavuli, na baba akapiga makofi ya adabu na kuanza hotuba ya mzazi wa bwana harusi, nusu Kirundi, nusu Chichewa cha sokoni. Meneja alikuja mbio. Vibarua walikuwa wamekatazwa kabisa kuwasogelea wageni, na siku hiyo kitumbua cha rafiki yangu kilikuwa kinaelekea mchangani. Binti alisikiliza mpaka akaelewa. Kisha akamwambia meneja, "Awa ndi alendo anga," yaani hawa ni wageni wangu, akapiga magoti na kukipokea kikapu kwa mikono miwili. Bwana harusi akaweka fimbo chini. Walikula palepale kwenye majani, na meneja alipoona wateja wake wamefurahi, naye akafurahi. Aliomba tu kuku asirudi tena.

Nilimtania miaka yote kuhusu kosa lile, na hakulikubali hata mara moja. "Kosa gani?" alinijibu. "Bale batoto si balikuwa peke yabo?" Nilimweleza kwamba siku hizi watu hulipa pesa nyingi ili wawe peke yao, ndiyo maana ya fungate. Akasema ziwa ni zuri, hata yeye angependa kulala kule na mke wake, lakini lazima awepo mtu anayejua mko pale. Aliporudishwa kambini hapakuwa na majani ya kukata, basi akalima maharage nyuma ya nyumba na akageuka kuwa baba wa maharusi. Dzaleka vijana wanaoana wakati baba yuko Uvira, mama mkubwa yuko Kanada, na baraka zinatoka kwenye simu iliyowekwa juu ya Biblia mpaka mtandao ukatike. Ukikatika, yeye aliinuka akamalizia. Wapo walionung'unika: Mrundi anasimamaje kwa Mubembe wa Kongo? Aliwajibu kwamba anashikilia nafasi tu. Mwenyewe akija, atampisha.

Siku ya mazishi, mchungaji alipoita familia, watu walianza kugeuza shingo kumtafuta wa kuinuka. Nilikuwa najiandaa kuinuka mimi, maana kuandika safu humpa mtu ujasiri wa bure. Ndipo wakatokea wale maharusi wa gofu, ambao sasa wana duka Chilinde, mjini Lilongwe. Mwanamke alipita katikati ya watu, kikapu kichwani, kuku hai mkononi, akapiga magoti mbele ya mjane na kuketi ubavuni pake kwenye mkeka. Mume wake alisimama mbele akasema kwa Chichewa, kiongozi wa kwaya akitafsiri: "Sisi njo batoto ba hii nyumba. Baba alitukuta peke yetu." Baada yake waliinuka wengine, wake kwa waume aliowasimamia, Wabembe, Wafuliiru, Warundi, mpaka tuliobaki tumekaa tukawa wachache. Mjane alimtazama yule kuku akacheka.

Nimeandika mengi hapa kuhusu upweke wa mkimbizi, na mengi yalikuwa malalamiko. Mkata majani ameniachia somo jepesi zaidi. Ukimwona mtu yuko peke yake, mpelekee chakula kwanza, maswali baadaye. Kama umekosea, mtakula na mtacheka pamoja. Na siku yako ikifika, mke wako hatakaa mkekani peke yake.